Moldi inahama kiwanda: iskani kwa leza kabla haijapakiwa, siyo baada ya kuharibika

#1
Mzee wa Spaki

Wakuu habari za jukwaa.

Kila baada ya muda humu huibuka swali lile lile. Moldi, yaani umbo la chuma linalotoa bidhaa za plastiki, imenunuliwa mtumba kutoka Taizhou kule China au Daman kule India, au mteja ameitoa kiwanda fulani anaipeleka kingine, imefika, na haina mchoro hata mmoja. Majibu nayo ni yale yale: tafuta fundi mwenye venia (kipimo cha mkono cha kuteleza) na subira, apime, achore. Mimi nataka tuzungumzie skana ya leza, na zaidi ya yote inaletwa lini. Wengi wanaikodi moldi ikiwa imeshakatika pembe au inatoa ndoo zenye flashi (plastiki iliyovuja kwenye maungio) pande zote, halafu wanataka skana iwaambie moldi ilikuwaje zamani. Haiwezi. Skana inaona kilichopo mbele yake saa hiyo, basi.

Kwa wasioijua: kifaa kinatupa mstari wa leza juu ya chuma, kamera iliyokaa pembeni inautazama mstari ule ulivyojipinda, na kwa hesabu za pembetatu tulizosoma sekondari kinajua kila nukta iko umbali gani. Mamilioni ya nukta yanakusanywa, programu inayaunganisha kuwa wavu wa pembetatu ndogondogo. Zile za kushika mkononi za daraja la vipimo, zinazohitaji ubandike vidoti vinavyoakisi mwanga ili zijue ziko wapi, watengenezaji wanazitangaza kwa usahihi wa kama 0.02 hadi 0.05 mm. Kwa moldi ya kreti, ndoo au kiti cha plastiki inatosha na kubaki. Kwa meno ya kizibo cha soda, hapana, na hilo tutalifikia.

Sasa tuje kwenye mchoro wenyewe. Hata mwenye bahati ya kupewa faili la CAD (mchoro wa kompyuta) pamoja na moldi, ajue faili lile linaeleza moldi iliyoagizwa. Iliyoko sakafuni imechomelewa pembe iliyopasuka, geti (tundu la kuingizia plastiki) limepanuliwa na mtu wa zamu ya usiku ili plastiki ijae, uso wa kufungia, pale nusu mbili za moldi zinapokutana, umepitishwa grainda, pini ya kusukumia bidhaa nje imewekwa ya kipenyo kingine kwa sababu stoo haikuwa na yake. Hakuna aliyeandika popote. Na bidhaa nzuri alizozizoea mteja zimetoka kwenye chuma hiki chenye viraka, hazikutoka kwenye faili.

Ndiyo maana nasema iskaniwe mara mbili. Ya kwanza ikiwa bado kiwanda cha zamani, imeshushwa mashineni, imesafishwa, haijapakwa grisi ya safari. Ya pili ikifika kwako, kabla hujafungua hata boliti moja. Unaziweka moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Kama iliangushwa bandarini, kama mnyororo uliuma ukingo wa kufungia, kama maji ya chumvi yaliingia kwenye kontena yakala uso, utaona na utajua limetokea njiani. Bila ya kwanza, wa kule atasema ilitoka nzima, msafirishaji atasema aliipokea hivyo hivyo, na watu wa bima watakuuliza ushahidi uko wapi.

Karibuni. Waliowahi kufanya waje na uzoefu wao.

#2
Tumbili wa Mjini

Bila picha huu uzi ni wa kufikirika tu. Weka picha mkuu.

#3
Mzee wa Spaki

Moldi ni za wateja mkuu, picha siwezi. Chukua maneno.

#4
Kijana wa Ruiru

Salamu kutoka Kenya wazee. Mimi niko Ruiru, kiwanda cha bidhaa za nyumbani, upande wa matengenezo. Sisi tulimleta jamaa mwenye skana, ya maana kabisa, si ya kubahatisha. Upande wa jike wa moldi, ule wenye shimo la umbo, ulikuwa umeng'arishwa ukawa kioo. Akapata vishimo vya data kila mahali, na kwa mbavu za chini, ile mifereji myembamba, hakupata kitu. Bosi akaona ni pesa imetupwa. Sasa nyinyi mnasema inatosha na kubaki, mwenzenu nifanyeje na kioo?

#5
Mzee wa Spaki

Kijana wa Ruiru umegusa penyewe. Leza inahitaji mwanga urudi kwenye kamera. Uso uliong'arishwa unaurusha mwanga wote upande mmoja, kama kamera haiko upande huo haioni kitu, na ikiwa upande huo inapofuka. Dawa ni kupuliza unga mweupe. Upo wa titani dioksaidi, ambao unabaki mpaka uufute, na upo unaoyeyuka wenyewe hewani baada ya muda. Kwa uso wa kioo tumia wa kuyeyuka, hata kama ni ghali zaidi. Ule mwingine utaufuta kwa tambara, tambara lina mchanga, na kung'arisha upya kaviti ile (shimo la umbo) kutakula pesa kuliko skana yenyewe. Mwambie pia mpuliziaji asipake rangi ya ukuta. Unga mzito unaongeza mikroni kadhaa na unajaa kwenye kona.

Mbavu nyembamba zenye kina ni suala lingine kabisa, unga haukusaidii. Leza inaingia kwa pembe, kamera inatazama kwa pembe nyingine, na ubavu wenye upana wa milimita 2 na kina cha 30 hauwezi kuonekana na wote wawili mpaka chini. Hapo kuna ujanja wa zamani: mimina silikoni ya kunakilia, iache igande, ichomoe, ukaiskani yenyewe kwa nje. Kilichokuwa shimo kinakuwa mlima. Ila usiichomoe kwa hasira, inavutika na vipimo vinakwenda na maji. Kama elektrodi za spaki (vipande vinavyochonga chuma kwa cheche za umeme) zilizochonga mbavu hizo bado ziko kiwanda cha zamani, ziombe. Moldi nyingi za mbavu zilichongwa kwa spaki, na sanduku la elektrodi mara nyingi liko chini ya meza linasubiri kuuzwa chuma chakavu. Elektrodi ya shaba ni rahisi kuskani kuliko ubavu wenyewe, na ukijua pengo la cheche lililotumika unapata kipimo cha ubavu.

#6
Ngumi Jiwe

Mzee wa Spaki unatia watu hofu bure. Mafundi wa karakana za nchi hii wamehamisha moldi na dai (umbo la kukandamizia bati) tangu enzi za viwanda vya umma, kwa venia, mikromita na chaki, na bidhaa zikatoka. Ukishakuwa na chuma umemaliza. Mchoro haukandamizi plastiki.

#7
Mzee wa Spaki

Mkuu Ngumi Jiwe, wazee wale nawaheshimu, wengine ndio walionifundisha kazi. Lakini hilo la "ukiwa na chuma umemaliza" lina kesi yake inayojulikana dunia nzima.

Kampuni ya magari ya MG Rover ya Longbridge, Birmingham, Uingereza, ilianguka Aprili 2005. Kabla haijaanguka, kampuni ya magari ya SAIC ya Shanghai ilikuwa imeshanunua haki za usanifu wa Rover 25, Rover 75 na injini za aina ya K kwa pauni milioni 67. Julai mwaka huo huo Nanjing Automobile wakanunua mali zilizobaki kwa takriban pauni milioni 53, wakafungua mitambo ya Longbridge wakaipakia melini. Kwa hiyo gari moja likagawanywa: haki ziko Shanghai, vyuma viko Nanjing. Shanghai wakaunda vifaa vyao na wahandisi wa kukodi, wakatoa Roewe 750 mwaka 2006. Nanjing wakafunga upya vyuma vya Uingereza, wakaanza MG 7 mwaka 2007. Magari mawili yenye asili ya Rover 75, nchi moja, soko moja. Desemba 2007 Nanjing wakaingizwa ndani ya SAIC, na hapo ndipo chuma na karatasi vilipokutana tena.

Sisemi skana ingetatua ugomvi wa haki za usanifu, hilo ni la mawakili. Ninachosema ni kwamba chuma na taarifa za chuma ni mali mbili tofauti. Zinaweza kuuzwa kwa watu wawili tofauti, na anayenunua moja akidhani amenunua zote atalipia ya pili.

#8
Ngumi Jiwe

Hao ni matajiri wa magari. Mimi nina moldi ya beseni.

#9
Bi Mikromita

Nimekuwa nasoma kimya. Kazi yangu mimi ni maabara ya vipimo, moldi naziona zikiwa zimelazwa mezani, kwa hiyo mtanisamehe kama sijui mambo ya zamu ya usiku.

Mnataja 0.02 na 0.05 bila kutaja joto. Vipimo vya viwandani vinatajwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, ndivyo kiwango cha ISO 1 kinavyosema. Chuma hutanuka kama mikroni 11 na nusu kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Moldi ya kreti yenye urefu wa milimita 600, ukiiskani kwenye karakana ya Dar mwezi Februari ikiwa na nyuzi 32, imekua kwa kama 0.08 mm. Hilo peke yake ni kubwa kuliko kosa lote la skana. Ukilinganisha na skani iliyopigwa Zhejiang, China, mwezi Januari kwenye banda lenye nyuzi 8, tofauti inafika kama 0.17, na utaanza kumtafuta mwizi ambaye hayupo. Andikeni joto la chuma, siyo la hewa. Kipimajoto cha kugusa ni bei rahisi. Moldi iliyoshuka mashineni asubuhi, acheni ilale usiku kucha, ndani bado ina moto hata kama juu mkono unavumilia.

Lakini kinachonikera zaidi ni rangi za ripoti, kijani panapolingana, nyekundu na bluu panapotofautiana. Programu zote hizi zina kitufe cha kulinganisha skani na CAD kwa wastani. Kitufe kile kinaisogeza na kuizungusha skani mpaka tofauti zigawanyike kidogo kidogo kila mahali, picha inakuwa kijani, bosi anafurahi, ripoti inapigwa muhuri. Kaviti ikiwa imehama 0.2 mm kutoka kwenye nguzo za mwongozo, zile zinazolinganisha nusu mbili zikifunga, kitufe hicho kinaweza kuificha kabisa. Nusu za moldi hazikutani kwa wastani. Zinakutana kwa matundu ya nguzo za mwongozo na uso wa kufungia, basi ulinganisho nao uanzie hapo: uso wa kufungia kwanza, matundu mawili ya nguzo yafuate. Picha itakuwa na wekundu na bluu, itatisha, lakini ndiyo hali halisi. Ripoti isiyosema imelinganishwa kwa njia gani msiilipie.

Mwenye skana naye aonyeshe cheti cha urekebishaji ambacho hakijapitwa na muda. Kwa skana za namna hii Wajerumani wana mwongozo wa VDI/VDE 2634, mtaukuta umetajwa kwenye vyeti vingi. Hata kwa cheti, mwombeni asubuhi ya kazi askani kitu chenye kipimo kinachojulikana mbele yenu. Viko vipande vya kipimo ambavyo maabara za TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, zinaweza kuvithibitisha.

#10
Mzee wa Spaki

Dada, hilo la kitufe cha wastani lingestahili uzi wake peke yake. Nimeona ripoti za kijani zikisainiwa halafu moldi inakula nguzo zake ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi.

#11
Mbeba Maboksi

Wadau, nipo Ujerumani, karakana ya dai za mabati ya bodi za magari. Ninakubaliana na mleta uzi, naongeza la kwetu.

Dai ikitoka CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) haijaisha. Inawekwa kwenye presi, uso unapakwa rangi ya bluu, bati linakandamizwa, wanatazama bluu imegusa wapi. Palipogusa kwa nguvu fundi anasugua kwa jiwe, anarudia, anarudia tena. Mpaka bati litoke bila mikunjo wala kupasuka, dai na CAD yake wamekuwa ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Kwa hiyo dai ikishakubaliwa na mteja inaskaniwa, na skani hiyo ndiyo inakuwa rejea. Kipande kikivunjika, au kazi ikihamia kiwanda cha nchi nyingine, kipya kinachongwa kutoka kwenye skani. Ukichonga kutoka kwenye CAD ya mwanzo unampa fundi mwingine kazi yote ya jiwe upya, na jiwe lake halitasugua pale pale.

Kwa vitu virefu vya mita mbili tatu, skana ya mkono peke yake msiitegemee. Kila inapotembea inajikokotoa kutoka kwenye vidoti ilivyoviona nyuma, makosa madogo yanalimbikizana. Sisi kwanza tunapiga picha za kamera tukiwa na fimbo za urefu unaojulikana, tunapata nafasi ya kila kidoti, ndipo skana inajaza katikati.

Mwenye kupenda historia atafute habari za injini ya F-1, ile iliyoirusha roketi ya Saturn V. Wahandisi wa NASA kule Huntsville waliifungua moja miaka ya 2012 na 2013, wakaiskani kwa mwanga wa mistari, wakajenga upya modeli ya kompyuta, na Januari 2013 wakawasha jenereta yake ya gesi kwenye jukwaa la majaribio. Michoro ilikuwepo. Kilichokosekana ni marekebisho ya mkono ya mafundi wa miaka ya 1960, ambayo yalibaki kwenye chuma chenyewe.

#12
Ngumi Jiwe

Hiyo ya jiwe na bluu nimeielewa vizuri kuliko ile ya Rover. Haya, swali. Hivi nikishindwa kumleta mtu wa skana kwenye moldi, si naskani beseni lenyewe naenda kuchongesha moldi nyingine?

#13
Mzee wa Spaki

Hapana hapana. Plastiki inasinyaa ikipoa. Kati ya aina za plastiki, PP husinyaa kama asilimia 1 hadi 2 na nusu, HDPE zaidi kidogo, ABS chini ya asilimia 1. Chukua kreti ya HDPE inayotoka na milimita 600, mchongaji asipojua kwamba ulichomletea ni bidhaa, anachonga 600 kwenye chuma, na kwa usinyaaji wa asilimia 2 kreti mpya inatoka na 588. Haitapangana na za zamani. Utasema basi naongeza asilimia 2 kila upande. Nayo haiko sawa kila upande: karibu na geti inasinyaa tofauti na mbali, kuta nene tofauti na nyembamba, na kreti imejikunja kidogo ambavyo moldi haijajikunja. Ukiskani bidhaa unanakili na ugonjwa wake.

Skani ya bidhaa ina kazi yake lakini: chukua shoti (bidhaa kama zinavyotoka mashineni) za mwisho kiwanda cha zamani, zikiwa na rana yake (plastiki ya njia ya kuingilia) na geti halijakatwa, uzihifadhi pamoja na skani ya moldi. Siku moldi inapowashwa kwako unalinganisha bidhaa na bidhaa. Kama chuma hakijabadilika na bidhaa imebadilika, acha chuma, nenda kwenye mashine.

#14
Kijana wa Ruiru

Na meno ya vizibo? Ulisema utafika.

#15
Mzee wa Spaki

Meno ya kizibo cha soda usiyaskani. Shingo ya chupa kama PCO 1881 ni ya kiwango kinachojulikana, mchoro wake upo. Kinachobaki ni kujua kiini kilichomo (kipande cha moldi kinachotoa meno) kimechakaa kiasi gani, na hicho kinapimwa kwa projekta ya vipimo au kipimo cha meno, siyo leza ya mkononi. Pesa ya skana uiweke kwenye maumbo yasiyo na kiwango popote: mpini wa ndoo, mgongo wa kiti, pembe za kreti, mkunjo ambao msanifu aliuchora kwa jicho na hayupo tena.

#16
Pangaboi wa Chang'ombe

Naomba kuuliza kwa wataalamu, simu zenye leza nyuma, zile iPhone za kuanzia 12 Pro, haziwezi? App zipo za bure.

#17
Bi Mikromita

Pangaboi, hapana kwa chuma. Simu inakosea kwa milimita nyingi hadi sentimita, sisi hapa tunagombania sehemu za kumi za milimita. Itumie kwa mambo mengine ya uhamisho huo huo: moldi ilivyopangwa kwenye kontena, mabomba ya maji yalivyounganishwa, nafasi kati ya nguzo za mashine yako kama moldi itapita. Picha za kawaida zenye mwanga mzuri nazo msizidharau, hasa za namba zilizogongwa kwenye vipande. Skana nyingi haziandiki herufi ya kugongwa vizuri.

#18
Mzee wa Spaki

Sasa niseme na upande wa pili, maana naona watu wameanza kuamini skana ni kila kitu.

Leza haiingii ndani ya chuma. Njia za maji zimefichika, na ndizo zinazoamua mzunguko wako utakuwa wa sekunde ngapi. Zipitishieni maji kabla moldi haijahama, pimeni kila njia inatoa lita ngapi kwa dakika kwa shinikizo gani, andikeni. Ikifika rudieni. Njia iliyokuwa inatoa vizuri na sasa inadondosha imejaa kutu au kuna plagi imewekwa ndani. Wafanye pia mchoro wa mkono wa mabomba: ipi inaingia wapi, ipi inarudi wapi, zipi zimeunganishwa kwa mfululizo. Ukiziunganisha kinyume moldi itapoa upande mmoja na bidhaa itajikunja, halafu utamlaumu aliyeskani.

Aina ya chuma nayo haionekani. Chuma cha P20 kinachokuja kimeshakolezwa huwa na ugumu wa kama 28 hadi 34 HRC (kipimo cha ugumu), cha H13 kilichochomwa kiko huko 48 na kuendelea. Kwa macho na kwa leza zote ni kijivu. Fundi akichomelea moja kwa waya wa nyingine, bila kupasha joto inavyotakiwa, itapasuka pembeni ya weldi. Kipima ugumu cha mkononi kipo, kama ni kiwanda kikubwa mnacho, na cheti cha chuma kiombwe kwa aliyetengeneza moldi kama bado anapokea simu.

Moldi zenye njia za plastiki ya moto, pimeni kila hita kwa malitimita. Hita ya wati 500 kwa volti 230 inatakiwa isome karibu na omu 106, ikisoma tofauti sana kuna mtu aliweka ya kwake. Angalieni pia waya wa kuhisi joto ni aina ya J au K. Ukichomeka J kwenye kontrola iliyowekwa K, au kinyume chake, joto unalosoma siyo joto lililopo, na plastiki inaweza kuungua au kukosa joto huku skrini inasema kila kitu shwari.

Halafu karatasi ya mipangilio ya mashine: joto la pipa kanda kwa kanda, kasi, shinikizo la kushikilia, muda wa kupoa, uzito wa shoti, tani za kufungia. Hii inapatikana kwa opereta, siyo kwa meneja. Opereta wa kule mnunulie chai, kaa naye zamu nzima. Atakwambia kwamba ukiwasha baada ya Jumapili shoti za kwanza unazitupa, na kwamba kaviti ya tatu inapenda kubaki na bidhaa mpaka uipulize upepo. Hayo hayamo kwenye faili lolote.

#19
Tumbili wa Mjini

Huu uzi umeanza na leza umeishia kumnunulia opereta chai. Nimeupenda.

#20
Pangaboi wa Chang'ombe

Nimetumiwa faili la STL (wavu wa skani) la moldi ya mteja. Kompyuta yangu imelala, na ilipoamka moldi ina urefu wa 23. Ishirini na tatu nini sasa?

#21
Mbeba Maboksi

Inchi mkuu. Faili la STL halibebi kizio, linabeba namba tupu. Zidisha kwa 25.4 utapata kama milimita 584. Halafu hakikisha kwa kupima upande mmoja wa moldi kwa mkono, usiamini hesabu yangu wala ya programu.

Kuhusu kulala, kila pembetatu kwenye STL ya kawaida inakula baiti 50. Skani ya pembetatu milioni 20 ni gigabaiti 1. Mwambie aliyeskani akupe tatu: data ghafi isiyoguswa kwa kumbukumbu, wavu uliopunguzwa kwa kufungulia kwenye kompyuta ya kawaida, na modeli ya CAD kwa muundo wa faili wa STEP ya zile sehemu utakazochonga. Hiyo ya STEP ndiyo ghali kwa sababu mtu anakaa anajenga uso kwa uso, anaamua hapa palikuwa duara kamili na hapa pamechakaa. Usiagize STEP ya moldi nzima kama unataka ushahidi wa safari tu. Data ghafi na ripoti zinatosha.

#22
Kijana wa Ruiru

Mimi kidonda changu ni kingine. Mteja wetu alilipia moldi zake nje, kiwanda kile kikamskania vizuri sana, ripoti safi. Alipotaka kuhamisha, moldi wakaachilia baada ya vuta nikuvute, lakini skani wakasema ni kazi yao, anunue. Na yeye ndiye alilipa!

#23
Mzee wa Spaki

Alilipia huduma, mkataba haukutaja data. Weka kifungu wakati wa kuagiza moldi, siyo wakati wa kuagana: moldi, elektrodi zake, vipuri vyake, michoro, skani zote pamoja na data ghafi, na karatasi za mipangilio ni mali ya mnunuzi, na vitakabidhiwa vyote siku moja. Sehemu ya malipo ya mwisho ishikiliwe mpaka faili limefunguliwa kwenye kompyuta ya mnunuzi likaonekana linafunguka.

Na sisi wa viwandani tunaopokea moldi za watu, tuwe waungwana. Mwenye skani nzuri anaweza kuchongesha moldi ya pili bila mwenyewe kujua. Mteja akikuletea moldi uzalishe, usiiskani bila ruhusa yake ya maandishi, hata kama nia yako ni matengenezo tu.

#24
Ngumi Jiwe

Sawa, mmenishinda kwa hoja. La mwisho. Nina moldi ya madumu ya lita 20, ya kupuliza, ni alumini, inahama kutoka kwa ndugu yangu Mwanza kuja Dar. Hayo ya chuma yanahusu?

#25
Bi Mikromita

Yanahusu, tena kwa joto zaidi: alumini hutanuka kama mikroni 23 kwa mita kwa nyuzi moja, mara mbili ya chuma. Kwa skana hiyo ni moldi rahisi, nusu mbili zilizo wazi, hakuna mbavu za kina, na kama ndani imepulizwa mchanga mwanga unarudi vizuri hata bila unga. Kaeni zaidi kwenye kingo za kubana, pale chini na kwenye mpini ambapo plastiki inakatwa. Alumini ni laini, kingo hizo ndizo huchakaa na kupondeka kwanza, na wengi huweka vipande vya chuma kigumu hapo. Kama ya ndugu yako ina vipande hivyo, skani ipigwe vikiwa vimefungwa mahali pake, halafu vifunguliwe vigongwe namba.

#26
Ngumi Jiwe

Asante dada. Lori linapakia Alhamisi, ngoja nimpigie aisimamishe kwanza.